Mwezi Uondolewe Siku ya Harusi Yangu

Kwa Mama Mkurugenzi Ismenia Zepeda,
Kituo cha Kutazama Nyota, Kilima cha Kware,
Bonde la Elqui.

Mama Mkurugenzi mpendwa,

Natumaini hujambo, na darubini zako nazo hazijambo. Mimi ni Baldomero Munizaga, mkulima wa zabibu hapa bondeni, mchumba wa Nolvia Ardiles, yule anayewaongoza wageni kituoni kwako. Kwa miaka tisa Nolvia ameniuliza "lini?" nami kwa miaka tisa nimejibu "baada ya mavuno." Juzi alinunua tiketi ya basi ahamie mjini Antofagasta kwa dada yake. Nilitoka jasho, nikamwahidi harusi ya nyota, hapohapo kituoni kwako, maana nyota ndiyo kazi yake. Akaitia ile tiketi mkobani. Nilichukulia kwamba ni furaha.

Sasa masharti yako yanataka kuniachisha mke kabla sijamwoa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Moto. Umekataza moto kwa sababu ya moshi na mwanga. Wageni ni themanini, kondoo wapo, na watu wetu hawajui harusi isiyo na nyama ya kuchoma. Nichome kwa nia njema? Binamu yangu Segundo, mchomaji wetu, ameniambia, "Baldo, kama hakuna makaa, mimi naja kama mgeni, na mgeni kazi yake kula."

2. Miwani. Unajua vizuri kwamba katika harusi zetu usiku ukikolea lazima tugawe kofia za vichekesho na ile miwani ya plastiki inayomulikamulika, bila hiyo bibi zetu hawaamki vitini. Umeikataza, ati inazisumbua darubini. Nazo zipumzike usiku mmoja, zimetazama vya kutosha.

3. Meza nimezipa majina ya sayari, na yetu maharusi ndiyo Jua. Mama mkwe, doña Orfelina, nilimweka Zohali kwa heshima ya zile pete. Akapima kwa macho kwenye mchoro wangu wa meza, akaniwakia: "Mimi nimemzaa bibi harusi, wewe unanitupa kule karibu na choo?" Nikamweleza kwamba hiyo ni elimu ya anga. Akasema elimu hiyo nikaitafune mwenyewe. Naomba cheti chenye muhuri wako, kithibitishe kwamba Zohali iko jirani kabisa na Jua.

4. Mwezi. Karani wako anasema Jumamosi hiyo mwezi utakuwa mpevu na nyota zitafifia. Mbona sikuambiwa? Wageni nimewaalika kutazama nyota. Mwezi wanao bure nyumbani kwao. Kwa hiyo naomba uondolewe. Ikishindikana, ucheleweshwe hadi keki ikatwe. Na kama hilo haliko katika mamlaka yako, nitajie mwenye mamlaka nimwandikie, nimeshazoea kuandika.

Giza lenyewe silalamikii hata kidogo. Chini ya ile taa yako nyekundu, ndiyo pekee unayoiruhusu usiku, naonekana mtu wa miaka arobaini, na wakati wa kucheza ngoma yetu ya cueca hakuna atakayejua kama nacheza au natafuta kiatu. Hapo tu ndipo tulipopatana.

Nisalimie karani, mlinzi wa lango, na wale wageni wa Kijerumani walionunua zabibu kavu zangu. Darubini kubwa iambie sina kinyongo nayo.

Wako katika matumaini na hofu,
Baldomero Munizaga

N.B. Barua hii nilimpa Nolvia akuletee. Akaifungua mlangoni pangu, akaisoma yote kwa kusimama, na alipofika kwenye mwezi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akafuta macho, akasema: "Baldo, kila usiku nawaonyesha watu vitu vya mbali. Nimechoka na giza. Tuoane mchana, uani kwa mama, nikuone uso."

Nikamwambia, "Uso wenyewe ndio huu."

"Naujua. Si ndio niliokaa nikiungoja?"

Basi, Mama Mkurugenzi, futa malalamiko yote, na mwezi uachwe uendelee na kazi yake. Afisa wa ndoa ameshakubali kuja uani saa sita mchana. Naomba tu Nolvia apewe ruhusa Jumamosi hiyo, nawe uje. Naogopa kuliko siku yoyote maishani mwangu, na jua la huku unalijua halimfichi mtu, lakini nitasimama palepale anione.