Mgao Usio na Baki

Wananchi wote wa miteremko ya Kilimanjaro wanatangaziwa kwamba Ofisi ya Mgao Sawia imepokea miche ya kahawa milioni moja na mitatu, nayo itagawiwa vijiji thelathini na viwili bila kubaki hata mmoja. Waraka huo aliuandika Bwana Aristides, mkuu wa ofisi hiyo mjini Moshi, akaugonga mihuri miwili. Baki, alieleza, ndiyo mlango wa ufisadi.

Akagawanya. Ikabaki miche mitatu.

Mwenye moyo mdogo angekata tamaa. Aristides alifuta kijiji kimoja, ikabaki mitano. Akakirudisha, akaunda kingine kipya juu ya Kibosho, chenye mwenyekiti na muhuri ila hakina watu, ikabaki minne. Masika yakawa yanayoyoma, na mizizi ya miche ikaanza kujikunja ndani ya viriba.

Ndipo akaingia Mwalimu Flavia wa Mwika, mstaafu wa hisabati, buti zimejaa tope. Kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, alikuwa na mashimo themanini, ameyachimba mwenyewe na kuyatia samadi tangu Januari, na kiuno kilikuwa bado kinamdai.

"Shikamoo, mwalimu." Aristides alisimama wima. Alifundishwa naye darasa la sita, na woga wa siku zile haukuwahi kumtoka.

"Marahaba. Mvua inaisha, Aristides. Miche yangu iko wapi?"

"Ipo kwenye mchakato. Namba imekataa kutoa ushirikiano."

Mwalimu akaitazama karatasi. "Hii ni namba tasa. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi."

"Kwa idhini ya nani?"

"Haiombi idhini, mwanangu."

Aristides akatafakari. "Kwa moja, umesema. Bila baki?"

"Bila baki."

Kesho yake likatoka tangazo: kwa kuiheshimu hisabati, miche yote atapewa mnufaika mmoja. Baada ya mchujo mkali alipatikana Aristides. Alitia sahihi kwa masikitiko makubwa.

Mwalimu Flavia hakubishana. Alirudi na mkaguzi kutoka makao makuu, akamsomea Aristides kifungu cha saba cha waraka uleule: mnufaika atapanda kila mche kwa mkono wake mwenyewe, shimo la futi mbili, kabla masika hayajaisha, atakayeshindwa atashtakiwa. Aristides alikitunga akiwafikiria wavivu wa vijijini.

Zilibaki siku kumi na tisa. Mkaguzi akapiga hesabu: mashimo elfu hamsini na mbili na ushei kwa siku, Jumapili zikiwemo.

"Mwalimu, chukueni," Aristides akanong'ona. "Nakuomba."

"Vijiji thelathini na viwili? Itabaki mitatu."

"Baki imeruhusiwa." Aliandika papo hapo, akasahau hata muhuri.

Kufikia Jumamosi miche themanini ilikuwa ardhini kule Mwika. Mwalimu Flavia akashuka mjini na rula yake ya ubaoni, furaha haifichiki. Mbele ya ofisi kulikuwa na miche mitatu, na Aristides ameshika jembe, tai ameitupia begani.

Mwalimu akapima shimo la kwanza.

"Futi moja na nusu," akasema. "Rudia."