Kamati ya Faragha ya Samaki

Wananchi wote wa Mkuyuni wajulishwe kwamba samaki wetu wa mtoni, yule mdogo wa mistari ambaye hata paka humsusa, sasa ana faragha kwa mujibu wa sheria. Mimi Bibi Mwaisha, niliyeishia darasa la tatu, ndiye Mwenyekiti wa Kamati ya Faragha yake. Nimepewa fulana na filimbi.

Mambo yalianza alipokuja Daktari Winfrida, mtaalamu wa samaki, akalala kifudifudi juu ya jiwe wiki nzima akiwahesabu. Akasema samaki huyu hajamwona katika mto mwingine wowote. Afisa wetu, Bwana Godlisten, kusikia hivyo akaleta amri yenye muhuri: asiingie mtu mtoni isipokuwa mwanakamati. Wanakamati ni yeye na mimi.

Kazi niliifanya kwa moyo. Mkwe wangu Maimuna alipokuja kuosha masufuria, nilimpulizia filimbi mpaka sikio langu mwenyewe likaziba.

"Shikamoo mama. Sasa tukaoshee wapi?"

"Marahaba. Chemchemi ya juu."

"Saa nzima kupanda! Na tumbo hili la miezi saba?"

"Samaki naye ana familia," nikamjibu. Maneno hayo nilipewa kwenye semina, pamoja na soda.

Wanawake wakapanda mlima miezi miwili. Samaki wakapata faragha, tena wakaipata haswa, maana Daktari aliporudi hakukuta hata mmoja.

Bwana Godlisten akalowa jasho. Wageni wa wizarani walikuwa waje keshokutwa kumwona samaki. "Nani kawafukuza?" akauliza, akinitazama mimi. Mimi nikaitazama filimbi.

"Hakuna aliyewafukuza," akasema Maimuna. "Walikuwa wanafuata ukoko wa masufuria yetu. Mmewanyima chakula, mlitaka wale faragha?"

Daktari akachukua sufuria ya Maimuna, akaiinamisha majini kutoka ukingoni. Tukangoja. Akaja mmoja. Wakaja kumi. Kisha maji yote yakawa mistari. Daktari akaandika ukurasa mzima, akasema polepole, "Hili chuoni hatukulisoma."

"Safi!" akasema Bwana Godlisten. "Kina mama, kuanzia kesho mnaosha hapa kila siku."

Maimuna akakaa chini, akanyoosha miguu. "Tuvunje amri yenye muhuri, mzee? Tuna adabu sisi."

"Naifuta!"

Hapo ikanibidi, kama Mwenyekiti, nimkumbushe kwamba amri aliyoiandika mwenyewe haifutwi ila na kikao, na kikao ni mwakani.

Basi leo asubuhi Kamati nzima ilikuwa mtoni, Bwana Godlisten kakunja suruali, mimi nimefunga khanga kiunoni, masufuria ya nyumba arobaini yamepangwa ukingoni.

"Mzee, hapo chini bado masizi!" wakapaza sauti kina mama waliokaa ukingoni.

"Bibi Mwenyekiti, sugua, usipapase!"

Samaki walimzonga Bwana Godlisten vifundoni. Akainua uso. "Daktari, utafiti huu unachukua muda gani?"

Daktari akafungua daftari jipya. "Kwa kuanzia, miaka mitatu."

Maimuna akamsogezea Bwana Godlisten sufuria ya makande, iliyoungua.