Kinu cha Nelima na Kanuni ya Watu Wanane

Jumatatu, 6 Machi 2006
Nelima ameenda Bungoma. Dadake amejifungua. Ameniachia kinu chake cha mahindi hapa Kibomet, akaniambia nisiguse kitu ila swichi. Mke wangu mpendwa amesahau kwamba nilifundisha hisabati miaka thelathini.

Mashine mbili, foleni moja. Kuwasha zote kwa wateja wawili ni upotevu. Nimebandika kanuni mlangoni: foleni ikifika wanane, mashine ya pili inawashwa. Ikishuka hadi watatu, inazimwa. Makokha, msagaji wetu wa siku nyingi, aliuliza kama mama anajua. Nikamjibu kwamba atafurahi.

Jumanne, 7 Machi
Foleni imekwama kwenye saba. Mmoja akitoka, mwingine anaingia. Saa nne wateja wakamvuta mpita njia aliyekuwa akienda kununua mafuta ya taa, wakamsimamisha nyuma. Wanane! Makokha akawasha. Mpita njia akaenda zake.

Jumatano, 8 Machi
Leo wamekuja na mashemeji. Foleni watu kumi na watano, wenye mahindi ni sita tu. Nimeandika kwamba wateja wameongezeka. Kemboi, mwenye kinu ng'ambo ya barabara, alikuja kusoma kanuni yangu, akatabasamu. Wivu.

Alhamisi, 9 Machi
Balaa. Foleni ilishuka hadi watatu wakati mahindi ya Chepkemei yamesagwa nusu kwenye mashine ya pili. Kanuni ni kanuni. Nikamwambia Makokha azime. Kumbe Chepkemei ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa. Alibeba debe lake, akavuka kwa Kemboi. Wengine wakamfuata, kwa mstari mzuri sana.

Ijumaa, 10 Machi
Hakuna mtu. Muda wa kungoja: sifuri. Kihesabu, nimefaulu. Sijui kwa nini sikuweza kula.

Jumamosi, 11 Machi
Nelima amerudi. Nilijua nitakaripiwa. Alisoma karatasi, akaketi juu ya gunia, akacheka mpaka machozi. Kisha akaenda kwa Chepkemei kumwomba radhi, akamsagia mwenyewe. Kufikia jioni watu walikuwa wamerudi. Nilimuuliza anajuaje wakati wa kuwasha ya pili.

"Mwalimu, wewe unahesabu watu," alisema. "Mimi naangalia nani ameacha watoto na njaa."

Nilimfagilia kinu chote bila kuombwa.

Jumapili, 12 Machi
Nimetafakari sana. Kanuni haikuwa na kosa. Wateja ndio hawakuwa tayari. Waumini ni watu watulivu zaidi. Leo foleni ya meza ya Bwana ilifika mlangoni, na mhudumu ni mmoja. Nimempelekea mchungaji pendekezo. Amesema ataliombea. Nelima amenificha kalamu, kwa hiyo naandika kwa penseli.