Jicho la Kwenzi

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Nilikuwa napangusa ndege waliokaushwa, kazi yangu hapa makumbusho, jicho la kioo la kwenzi likang'oka na kutumbukia kwenye bomba la maji machafu. Kwenzi tunao wawili, wa aina mbili za ukoo mmoja. Mmoja ana mstari mweupe kifuani na macho meupe. Mwingine hana mstari, macho mekundu. Aliyepofuka ni huyo wa pili. Na Ijumaa Mama Mkuu, bosi wetu, anateua msimamizi wa chumba: mimi au Miwani, mwenzangu mpenda sifa. Nimenyamaza.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomoa ushanga kwenye mkufu wa mke wangu. Mwekundu hakuna, nimegandisha mweupe. Jicho zima limeelekea ukutani na kibao anachosimamia kimepigiliwa misumari, hageuziki. Nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Mzee mmoja, mtaalamu wa ndege, kaganda mbele ya kabati. Kwenzi asiye na mstari, mwenye jicho jeupe! Alisema maishani hajaona wa namna hiyo. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikajibu kwamba hata mimi nilimshuku zamani. Mama Mkuu akamwambia Miwani ajifunze kwangu. Nimeona haya.

Alhamisi, 6 Machi
Mzee karudi na wanafunzi kumi. Akapenyeza kioo kidogo nyuma ya ndege. Huku jeupe, kule jekundu! Akaligusa jeupe, likadondoka. Miwani akakohoa. Mama Mkuu aliuokota ule ushanga, akaniwekea kiganjani.

"Ungeniambia tu, baba. Macho ninayo kopo zima stoo."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea. Barua ya usimamizi alikwishaiandika kwa jina langu, akaichana mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani ndiye msimamizi. Mke wangu kanuna, mkufu umekuwa na pengo. Nimejiapiza: kuanzia leo ukweli mtupu.

Saa nane mchana, mkia wa yule kwenzi mwenye mstari ukabaki mkononi mwangu. Nikaenda kwa Mama Mkuu moja kwa moja. Nikafika mlangoni, nikainua mkono nibishe hodi.

Ndipo nikakumbuka jogoo wa shemeji. Mkia mweusi, unameremeta hasa. Kesho nitapita kumjulia hali, na mkasi mfukoni.