Mtaa wa Tarata Waondolewa Kwenye Kura

Bodi ya Vileo ya Waiparere inayo furaha kuutangazia umma kwamba uchaguzi wetu sasa ni safi kuliko wakati wowote, kwa kuwa tumewapunguza wapiga kura.

Mimi ni katibu wa Bodi. Hapa Waiparere, kusini mwa Nyuzilandi, hakuna anayeuza hata chupa moja isipokuwa sisi. Baa ni za wananchi, faida ni ya wananchi, na wananchi ndio wanaotuchagua. Kasoro ya mpango huu ni hiyo ya mwisho.

Mwaka huu Ngaire Pohatu, mwenye duka la vyakula Mtaa wa Tarata, aligombea. Alitaka faida izibe bwawa la kuogelea la shule lililopasuka, maana watoto walikuwa wanajifunzia kuogelea mtoni, na mto ule una mkondo mkali. Mwenyekiti wetu, Lindsay Dalgarno, alikuwa ameshaagiza zulia la ukumbi wa Bodi. Kipaumbele kilikuwa wazi.

"Mtaa mzima uko nyuma yake," nilimwonya.

"Mtaa upi?" akauliza. Ndiyo maana yeye ni mwenyekiti.

Tuliiomba serikali isogeze mpaka wa eneo letu, ikausogeza. Tarata ikawa nje. Ngaire akaja ofisini amewaka.

"Lindsay, umenifutia kura yangu?"

"Hakuna aliyekugusa, dada. Mpaka ndio uliohama."

"Haya. Na huko nje nani atanikataza kuuza bia?"

 

Ngaire alipata leseni. Mji mzima ukahamia dukani kwake, baa zetu zikabaki na nzi, na faida yake ikaziba bwawa. Mwenyekiti, kwa upande wake, alishinda uchaguzi kwa kishindo.

Bodi ilipoanza kukosa mishahara, tuliomba mpaka urudishwe. Serikali ikajibu: wakazi wa Tarata waamue kwa kura, wao peke yao.

Siku ya kura Mwenyekiti alifika Tarata mapema, tai shingoni, akajipanga mstarini.

"Unakaa Tarata?" Ngaire akamuuliza.

"Ngaire, acha utani! Mimi ni Mwenyekiti!"

"Hongera, kaka. Ni huko kwenu. Hapa tupishe, watu wapige kura."

"Huu ni uonevu!"

"Mkuki kwa nguruwe," akasema bibi mmoja nyuma yake, na mstari mzima ukaangua kicheko. "Ila duka liko wazi, usione haya," Ngaire akamwambia.

Mwenyekiti akanunua kreti moja ya bia, nami nikamsaidia kuibeba hadi upande wetu.