Siku Kitufe cha Waya Benta Kilipoonekana

...na kikaonekana, yawa, kikaonekana kwa macho ya Waya Benta mwenyewe, saa saba mchana, jua likiwaka kama limetumwa! Wekeni mabeseni chini. Enyi watu wa ziwa, kuanzia Kendu Bay mpaka mpakani, sikieni habari kubwa kuliko zote zilizowahi kukanyaga mchanga huu. Na wewe bando langu, usinitupe kabla sijamaliza.

Shujaa ni Dorah binti Omanga, dada yangu wa tumbo moja, Mpanga-Kurasa, Mla-Chapati-Akiandika-Msimbo, aliyerudi Muhuru Bay kutoka chuo na laptopu iliyofungwa kwa selotepu. Waya Benta, shangazi yetu, Jemadari wa Omena, hao dagaa wa ziwa letu, alimpa kazi yake ya kwanza maishani: atengeneze tovuti, wanunuzi wa Ndhiwa waagize omena kwa simu. Lakini aliweka sharti mbele ya wanawake wote wa kuanika omena nyavuni.

"Nitaifungua hapa hapa nyavuni, saa saba. Nikishindwa kuagiza mimi mwenyewe, kazi inaenda kwa Motari."

Motari! Huyo mchora vibao anayeandika majina ya boti kwa herufi nene zenye kivuli chekundu, unazisoma ukiwa katikati ya ziwa.

Sasa Dorah alikuwa amejifungia chumbani wiki mbili, pazia limeshushwa, akijenga ukurasa wa mtindo wa siku hizi: nafasi nyeupe pana kama uwanja wa mpira, herufi nyembamba kama mguu wa siafu, rangi yake kijivu cha mvuke wa chai. Mimi niliuona humo gizani nikalia kwa urembo.

Saa saba ikafika. Waya akainua simu yake yenye ufa, akaiangalia, akaigeuza, akaipangusa na leso.

"Dorah nyathina, mwanangu, umenipea karatasi tupu?"

"Waya, imejaa maneno! Hiyo nafasi ni ya macho kupumzika."

"Macho yangu haijachoka. Pa kuagiza ni wapi?"

Motari, aliyekuja kushuhudia, akakohoa kwa furaha. "Hizo herufi zimelala njaa, mama. Zimeona jua zikazirai."

Wanawake wakacheka mpaka omena ikaruka nyavuni. Na hapo Dorah akasimama juu ya beseni lililopinduliwa, akanguruma:

"Ewe Motari, bwana wa brashi! Umenicheka, na haki ya Mungu nimekusikia. Lakini jua halijashuka, na laptopu bado iko na asilimia nne. Nani atanishikia leso?"

Mimi! Historia iandike hivyo, ni mimi niliyeshika leso. Chini ya kivuli hicho shujaa akaingia vitani: uzito wa herufi akaupandisha kutoka mia mbili hadi mia saba, kijivu akakichinja akaweka nyeusi tii, na kile kitufe akakinenepesha mpaka kikatosha kidole gumba chenye magamba ya omena. Asilimia mbili. Kisha akamgeukia bwana wa brashi. Akameza mate, na kiburi pamoja nayo.

"Motari, kivuli chako huwa unakiweka upande gani?"

Motari akajinyoosha kama mfalme aliyeombwa funguo za mji wake.

"Chini, kulia. Kidogo tu. Usizidishe ikakaa kama kadi ya harusi."

Asilimia moja. Dorah akakiweka hapo hapo, akatuma, na laptopu ikafa kifo cha kishujaa.

"Waya, fungua tena."

Hata kuku wa jirani yetu Nyatichi, mwizi sugu wa omena, akasimama mguu mmoja. Waya akasoma kwa sauti ya kanisani:

"A-gi-za."

Akabonyeza. Simu ikalia mkononi mwake, tiing! Oda ya kwanza ya tovuti ile: gorogoro mbili, yale makopo ya kupimia, za omena, kwa Benta, kutoka kwa Benta.

"Nani huyu ananisumbua?"

"Ni wewe, Waya."

Akafikiria sana.

"Basi mwambie angoje. Haijakauka."

Vigelegele! Ziwa lenyewe lilirudi nyuma hatua mbili, niamini! Kazi ni ya Dorah, milele na milele. Na vile Motari alikuja jioni na kopo la rangi, akidai jina lake liwe pale chini ya ukurasa na yeye ndiye ataliandika, juu ya skrini, kwa mkono... ngojeni kesho nikipata chaji, maana hiyo siwezi kuisimulia nikiwa nimekaa.