Mahudhurio Wakati wa Giza

Jumatatu, 18 Agosti
Darasa tupu! Wiki mbili zilizopita MEMKWA yangu, darasa la watoto walioikosa shule hapa Ujiji, ilifurika mpaka madirishani. Kwa kiherehere changu nikamwalika Afisa Elimu Kata, Madam Marcelina, aje Alhamisi aone matunda ya ufundishaji wangu. Leo kaja Nasra peke yake, kwa kuwa kidole chake kina kidonda hawezi kazi. Kasema giza la mwezi limeingia, dagaa wanavuliwa usiku, wenzake wote wako mwaloni, ufukweni, wanaanika. Watarudi mbalamwezi ikitoka. Upuuzi! Nimesomea ualimu chuoni, sipangiwi ratiba na mwezi.

Jumanne, 19 Agosti
Nimekwenda mwaloni kuwadai wanafunzi. Mama zao wamenipa dagaa wa kitoweo. Watoto wamekataa kunipa. Njiani nikakutana na Mwalimu Eliakimu, mkuu wa shule mama. Kaniuliza, kwa upole kabisa, kama nitapenda zamu ya vyoo, maana darasa likikosa watoto likafungwa, nitahamishiwa shuleni kwake. Nyoka! Naogopa kweli. Kule nyumbani Kidahwe mama anamwambia kila mtu kwamba mwanawe ni mkuu wa kituo.

Jumatano, 20 Agosti
Nimepata! Wazee wa bao! Hawavui, hawaaniki, nafasi wanayo. Darasa ni la walioikosa shule, na Mzee Dadi kaikosa kuliko wote. Nimewaahidi kahawa na kashata. Nimewaelekeza: mgeni akiingia, simameni, mwamkieni. Wamesema wameelewa.

Alhamisi, 21 Agosti
Madawati yamejaa, Nasra kakaa mbele ya wazee. Madam kaingia, kaona mvi na kofia, kaduwaa. Hakusimama mtu. Wazee wakamtazama tu, wakingoja haki yao. Madam ni mtoto wa Ujiji, kalelewa. Akapiga goti, akawaamkia shikamooni. Darasa zima likaitikia kwa sauti moja: marahaba, mwanetu! Mzee Dadi akaongeza kumuuliza kama baba yake hajambo, na mbona haolewi.

Ijumaa, 22 Agosti
Jana Madam alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka. Kasema darasa linafungwa, isipokuwa akija tena akute watoto. Hata hiyo nafasi nimeipata kwa Nasra, aliyesoma sentensi nzima ubaoni bila kukwama. Tarehe nichague mwenyewe, ila kanisihi nisubiri mbalamwezi.

Nimelitafakari kosa langu. Wanaume wazee wana kiburi. Nimechagua Jumatatu ya tarehe 22 Septemba, giza totoro, Eliakimu asije akasema natawaliwa na dagaa. Mabibi wa mtaa wa Rusimbi wameshakubali kuja kujaza madawati. Wanauliza tu sare ni rangi gani.